Nyumba za kale za ibada za Malindi na Gede zipewe wenyeji

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu majengo ya kale ya ibada yaliyo katika mji wetu wa Malindi na vijiji vinavyouzunguka, hasa msikiti mkuu wa Gede na lile kanisa dogo la Wareno lililo karibu na bahari. Hoja yangu ni kwamba majengo haya yana sheria za kuyalinda, yana wataalamu wa kuyachunguza na yana sifa iliyovuka mipaka ya nchi yetu, lakini bado hayajapata wenyeji, yaani watu wa jirani ambao mgeni akifika huwatambua kuwa ndio wenye nyumba. Nimelifikiria jambo hili tangu nilipokuwa mwalimu wa historia, na lilinikaa moyoni zaidi baada ya mpwa wangu, ambaye ni muuguzi katika mji wa Hereford, magharibi mwa Uingereza, kunipeleka kutembelea kanisa la parokia la kijiji cha Kilpeck.

Kilpeck ni kijiji kidogo kilichozungukwa na mashamba, si mbali na mpaka wa Wales. Kanisa lake, lililowekwa wakfu kwa majina ya Mtakatifu Mariamu na Mtakatifu Daudi wa Wales, lilijengwa yapata mwaka 1140 kwa mawe mekundu ya mchanga ya eneo hilo. Nyuma yake kuna kilima cha udongo chenye vipande vya kuta, na hayo ndiyo mabaki ya ngome ya mabwana wa Kinormani waliogawana ardhi ile baada ya Uingereza kutekwa mwaka 1066. Ngome iliporomoka na kanisa likabaki. Jengo lenyewe si kubwa: kuna ukumbi wa waumini, kisha sehemu ya makasisi, kisha upande wa mashariki madhabahu iliyokingwa na ukuta wa nusu duara, na mtu akisimama mwanzoni mwa ukumbi huuona mwisho wake bila kupiga hatua. Kinacholipa umaarufu ni nakshi zake. Mlango wa kusini umezungushiwa mawe yaliyochongwa majoka, ndege, majani na mashujaa walionaswa katika matawi, na juu ya kizingiti kuna mti wa uhai. Chini ya ukingo wa paa, kulizunguka jengo, kuna vichwa vya mawe zaidi ya 80, vingine vya watu, vingine vya wanyama wa kweli na vingine vya wanyama wasiokuwepo, na kimojawapo kina mbwa na sungura waliokaa ubavu kwa ubavu. Sisi watu wa pwani tumelelewa mbele ya milango ya nakshi, na pengine ndiyo sababu nilisimama nje ya mlango ule muda mrefu kuliko muda niliokaa ndani, nikiufuatisha mkono wa fundi aliyekufa karibu miaka 900 iliyopita na ambaye hakuna aliyeliandika jina lake.

Hata hivyo, si nakshi zilizonifanya nikuandikie. Mlango wa kanisa lile ulikuwa umeshindikwa tu, bila kufuli, na mgeni yeyote angeweza kuusukuma na kuingia. Ndani kulikuwa na meza yenye karatasi za maelezo, daftari la wageni lenye kalamu, na kisanduku cha sadaka. Alikuwepo bibi mmoja mwenye umri mkubwa, akibadilisha maua na kufuta vumbi katika viti, naye alituamkia kisha akatuacha tuzunguke tunavyotaka. Tulipomaliza ndipo alipokuja kutuuliza tumetoka wapi. Nilimweleza kwamba mimi ni Mwislamu kutoka pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba kwetu pia iko misikiti ya mawe ya zamani hizo. Akafurahi sana, akanionyesha vitu ambavyo karatasi haikuvitaja: mahali ambapo maji ya mvua hupenya, jiwe lililoanza kumomonyoka, na mfereji wa paa ambao yeye na jirani zake huusafisha majani kila majira ya kupukutika yanapokuja. Nilidhani ameajiriwa. Akaniambia kwamba hakuna aliyeajiriwa pale, kwamba ni zamu ya wanakijiji, na kwamba mama yake alikuwa katika zamu hiyo kabla yake.

Baadaye nilijifunza kwamba hilo si jambo la kijiji kimoja. Kanisa la Uingereza lina makanisa yapatayo 16,000, mengi yakiwa vijijini, na maelfu kati yake ni ya zama za kati. Kila parokia huchagua wazee wa kanisa, watu wa kawaida wasiolipwa, ambao kwa sheria ndio wenye dhamana ya jengo na vyombo vyake. Tangu sheria ya mwaka 1955, kila kanisa hukaguliwa na mtaalamu wa majengo mara moja kila miaka mitano, naye huandika ripoti inayosema lipi litengenezwe upesi na lipi linaweza kusubiri. Wazee hao hawana ruhusa ya kubomoa ukuta, kuhamisha kaburi wala kubadilisha dirisha bila kibali cha dayosisi. Kwa hiyo wanakijiji wana mamlaka ya kutunza lakini hawana mamlaka ya kuharibu, na mtaalamu ana mamlaka ya kushauri lakini hachukui ufunguo. Makanisa yasiyokuwa tena na waumini wa kutosha hayakuachwa yaanguke: mwaka 1969 uliundwa mfuko maalumu wa kuyahifadhi, na leo taasisi iliyotokana nao inatunza makanisa zaidi ya 350, bado yakiwa wazi kwa wageni.

Natambua kuna wasomaji watakaosema kwamba makanisa hayo yamekuwa matupu na kwamba Waingereza wanatunza mawe baada ya kuiacha sala. Ni kweli kwamba katika vijiji vingi waumini wa Jumapili ni wachache. Lakini swali hilo la nyumba za ibada kukosa watu ni la kale, na liliwahi kuulizwa hapahapa Malindi. Mwaka 1542 Francis Xavier, padri Mjesuiti aliyekuwa safarini kutoka Ureno kwenda Goa, alitia nanga Malindi, na katika barua aliyoiandika mwaka huohuo alisimulia kwamba mmoja wa wakubwa wa mji, Mwislamu, alimuuliza kama Wakristo wa nchi yake huyajaza makanisa yao na kusali kwa bidii, kwa kuwa yeye alisikitika kuona kwamba kati ya misikiti 17 ya Malindi ni mitatu tu iliyokuwa ikiendewa, tena na watu wachache. Kila nikiikumbuka habari hiyo humheshimu mzee yule. Alikuwa mbele ya mtu wa dini nyingine, wa taifa lenye mizinga na merikebu, naye alichochagua kuzungumza ni huzuni yake kuhusu misikiti ya mji wake. Misikiti ile 17 ingetunzwa na watu wa mitaa yake, hata wakiwa wachache, leo tungekuwa na mengi zaidi ya kuonyesha katika mji wa kale wa Malindi kuliko makaburi ya mnara yaliyo karibu na msikiti wa Ijumaa.

Sasa nije Gede. Mji huu wa kale uko kilomita 16 hivi kusini mwa Malindi, ndani ya msitu, na ulikaliwa kwa karne kadhaa kabla ya kuhamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Ni jambo la kushangaza kwamba Wareno, waliokaa Malindi karibu karne nzima, hawakuuandika kwa jina hilo katika kumbukumbu zao. Uchimbaji mkubwa ulianza mwaka 1948 chini ya James Kirkman, na tangu wakati huo zimepatikana kaure za China, shanga na vyombo vya kigeni vinavyoonyesha kwamba watu wa Gede walifanya biashara na pande nyingi za Bahari ya Hindi. Liko kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, sawa na mwaka 1399. Na uko msikiti mkuu, wenye mihrabu iliyoelekea kaskazini kama ilivyo kwa misikiti yote ya pwani yetu, mimbari ya mawe, kisima na birika la kutilia udhu. Juu ya mmoja wa milango yake umechongwa mkuki wenye bapa pana. Nilipokuwa Kilpeck nikitazama majoka yale nilikuwa nikiufikiria mkuki huu, kwa sababu yote mawili ni kazi ya fundi wa mahali aliyeweka mlangoni mwa nyumba ya Mungu alama ambayo watu wake waliielewa bila kuelezwa. Mwezi wa Julai 2024, katika kikao kilichofanyika New Delhi, Gede iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kwa heshima hiyo ninawapongeza watumishi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ambao wameutunza mji huo kwa miaka mingi, mara nyingi kwa fedha kidogo.

Lakini ukiwauliza watu wa Malindi, hata wa Watamu na Gede yenyewe, wengi ninaowafahamu watakuambia kwamba walikwenda mara moja wakiwa wanafunzi, na hawajarudi. Wanafunzi wangu walikuwa wakitoka pale wakikumbuka kima na miti mikubwa, na sikuwalaumu. Mtoto anayeingia katika msikiti ule akaambiwa tarehe na majina ya wachimbaji tu, bila kuonyeshwa kwamba birika lile ni sawa na birika la msikiti wa mtaani kwao, na kwamba babu zake wangeweza kuingia pale na kujua papo hapo mahali pa kuvua viatu, mahali pa kutawadha na mahali pa kusimama imamu, mtoto huyo huondoka akidhani ameona nyumba za watu wengine. Mzee mwenyeji angemwonyesha hayo kwa dakika chache. Wazee hao wapo. Wako katika vijiji vya Gede, Mida, Watamu na Mambrui, na wengi wao hawajawahi kuombwa kufanya jambo lolote katika magofu hayo.

Lipo pia suala la mawe yenyewe, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, kwa sababu ni jambo linaloharibika taratibu na watu hawalioni. Majengo yetu ya kale yalijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, nayo chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe katika tanuu la magogo, kisha ikaachwa ilowe kwa muda mrefu kabla ya kutumiwa. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu na kuutoa. Ukiupaka saruji, unyevu na chumvi ya bahari hukwama ndani, na baada ya miaka michache saruji hubanduka ikiwa imeshika uso wa jiwe. Mafundi wa Uingereza wanayo shida hiyohiyo na makanisa yao, kwa kuwa katika karne iliyopita mengi yalizibwa nyufa kwa saruji na sasa wanaikwangua kwa uangalifu na kurudisha chokaa. Tayari mwaka 1877 kilikuwa kimeundwa huko chama cha kulinda majengo ya kale, na msimamo wake ulikuwa kwamba jengo la kale halihitaji kufanywa jipya, linahitaji matunzo ya kila siku: kuegemezwa ukuta unaoinama, kuzibwa paa linalovuja, kung'olewa mche kabla haujawa mti. Huko Gede mche ni hatari kubwa kuliko mvua, maana mizizi ya mti mmoja ikishaingia katika ukuta, kuung'oa mti ni kuubomoa ukuta na kuuacha ni kuubomoa vilevile. Kazi ya kung'oa miche ikiwa bado na majani mawili haihitaji shahada. Inahitaji watu wa karibu, wenye macho na wenye zamu, waliofundishwa na mtaalamu kipi cha kung'oa na kipi cha kuacha.

Kanisa la Wareno la Malindi ni dogo hata kuliko la Kilpeck, lenye kuta za matumbawe, paa la makuti na makaburi uani. Wengi husimulia kwamba Xavier alisali pale. Barua yake inasema kwamba alimzika Malindi mtu mmoja aliyefia melini, na kwamba wafanyabiashara wa Kireno waliofia katika mji huu walizikwa katika makaburi makubwa yenye misalaba. Wageni wengi hupita mbele ya kanisa hilo wakielekea kwenye nguzo ya Vasco da Gama, wakapiga picha huko, wakaondoka. Mimi naona ni kinyume. Nguzo ile, ambayo msalaba wake ni wa mawe yaliyoletwa kutoka Ureno, ni alama ya mfalme wa mbali. Kanisa ni mahali ambapo watu walilia kwa ajili ya wafu wao. Najua kwamba historia ya Wareno katika pwani hii ina machungu, nami simfundishi mtu kuisahau. Malindi iliwapokea mwaka 1498, na karibu karne moja baadaye, mwaka 1593, waliuhamishia utawala wao Mombasa walikoanza kujenga Fort Jesus, na mji wetu ukadhoofika. Mtoto wa ukoo wa kifalme wa Malindi, Yusuf bin Hasan, alipelekwa Goa akalelewa na mapadri, akabatizwa, akarudishwa kuwa mfalme wa Mombasa, na mwaka 1631 akawageuka Wareno kwa upanga na kurudi katika Uislamu. Mambo hayo yote yasimuliwe, na yasimuliwe kwa ukamilifu, katika uwanja wa kanisa lile, na Wakristo na Waislamu wa Malindi wakiwa pamoja.

Hayo ninayoyaomba si mageni kwetu. Misikiti yetu ilitunzwa kwa wakfu: mtu aliweka shamba la minazi, duka au kisima, na mapato yake yakanunua mafuta ya taa, majamvi na chokaa, chini ya msimamizi aliyejulikana mtaani na aliyeweza kuulizwa hesabu. Ndugu zetu Wamijikenda wana misitu ya kaya, ambayo iliingia katika urithi wa dunia mwaka 2008, na kila mtu anajua kwamba iliyosalimika imesalimika kwa sababu wazee wa kaya walikuwa na neno la mwisho kuhusu nani aingie, kwa njia gani, na asikate nini. Kule Kizimkazi, kusini mwa Unguja, uko msikiti wa kijiji wenye maandishi ya Kikufi, yaani hati ya Kiarabu ya mtindo wa kale, ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107, yaani wa zamani kuliko kanisa la Kilpeck kwa zaidi ya miaka 30. Ulijengwa upya karne nyingi baadaye, mihrabu yake ikahifadhiwa, na watu wa Kizimkazi bado wanasali humo hadi leo. Mgeni anayefika pale hupokelewa na watu wa msikiti. Huvua viatu, huambiwa asubiri kama ni wakati wa sala, na hutoa chochote akijaaliwa. Hivyo ndivyo ninavyotaka iwe Gede, kwa kadiri gofu lisilo na paa linavyoruhusu. Siombi msikiti wa Gede uezekwe wala usaliwe tena. Wataalamu wana sababu nzuri za kuuacha ulivyo, na kuezeka upya kungefuta mengi.

Ninachoomba kwanza ni maandishi ya Kiswahili, yenye urefu na uzito uleule wa maandishi ya lugha nyingine yoyote, yaandikwe na watu wanaoijua lahaja na ujenzi wa pwani, ili fundi anayesoma aone maneno yake mwenyewe: boriti, mwimo, kidaka, daka, tao. Kuwe na kijitabu cha kurasa chache kwa bei ambayo mwanafunzi anaweza kuilipa, kimoja cha Gede na kimoja cha kanisa. Pili, iundwe kamati ya wanavijiji kwa kila sehemu, isiyolipwa mshahara lakini yenye ufunguo, zamu na daftari, ifanye kazi chini ya uongozi wa kitaalamu wa Makumbusho. Katika kamati ya Gede wawemo maimamu, wazee wa Kigiriama wanaoishi kuuzunguka msitu ule, wanawake, na vijana wanaowaongoza watalii. Katika kamati ya kanisa wawemo waumini wa makanisa ya Malindi pamoja na majirani Waislamu wa mtaa ule. Tatu, ripoti ya hali ya kila jengo itolewe kwa muda maalumu na ibandikwe mahali ambapo sisi wakazi tunaweza kuisoma. Uingereza wamechagua miaka mitano. Kwa hewa yetu ya chumvi ningeona mitatu kuwa afadhali.

Niseme pia kuhusu adabu, kwa kuwa hapo wenyeji hawawezi kusaidiwa na tangazo la ukutani. Nimeona kwa macho yangu, tena zaidi ya mara moja, watu wazima wakikaa ndani ya mihrabu ili wapigwe picha, na vijana wakipanda juu ya kuta za makaburi. Sehemu kadhaa za pwani, bakuli za kaure zilizokuwa zimepambwa katika makaburi na mihrabu zimechokolewa zikachukuliwa, yakabaki mashimo ya mviringo. Kule Kilpeck, watoto wa familia moja waliokuwa wakikimbia nje walinyamaza wenyewe walipovuka kizingiti, na hakuna aliyewakemea. Walimwona bibi yule akifanya kazi yake wakajua wako nyumbani kwa mtu. Mlinzi mwenye sare huogopwa anapoonekana tu. Mwenyeji anayemkaribisha mgeni, akamwomba avae kwa heshima, asikanyage kaburi, asiegemee mihrabu, na akamweleza sababu, huheshimiwa hata akiwa ameondoka.

Baadhi ya walimu wastaafu wa Malindi tumeshazungumza na tuko tayari kuanza na kijitabu cha kanisa la Wareno, kwa kuwa ni dogo na habari zake zinaweza kukusanywa upesi, bila malipo yoyote. Tunaomba wahusika watupe ruhusa ya kuingia na kupima, watuonyeshe kumbukumbu walizonazo, na wamteue mtaalamu wa kutusahihisha. Wazee wenye kumbukumbu za misikiti ya kale ya Mambrui, Mida na vijiji vya jirani, na mafundi wanaojua bado kuchoma chokaa, nawasihi wajitokeze kupitia maimamu wao au machifu wao, maana wengi wao wana umri mkubwa na kazi hii haifai kungoja bajeti ya mwaka ujao.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Malindi